Tathmini ya programu ya kulea waamuzi chipukizi wa soka mkoani Mtwara

Programu ya kulea waamuzi chipukizi wa mpira wa miguu inayoendeshwa hapa mkoani Mtwara ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo mweupe kwa kijana yeyote mwenye afya njema na nia ya kujifunza sheria, na sababu kuu ya kuipendekeza haiko darasani bali pembeni mwa uwanja, katika zile mechi za mwanzo ambazo mwamuzi mpya huzichezesha huku moyo ukimwenda mbio. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisaidia kuendesha mashindano ya kata hapa Mtwara mjini. Kwa hiyo nimeifuatilia programu hii kwa pande mbili: kama mtu aliyewapeleka vijana wake wakafundishwe, na kama mtu anayetafuta waamuzi kila mwisho wa juma. Waandaaji sitawataja kwa majina, kwa kuwa yapo niliyoyapenda na yapo yaliyonisikitisha, na ninachotaka ni kazi irekebishike, si mtu aaibishwe.

Mkoa huu hauna uhaba wa mpira. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulikuwa nyumbani kwa Ndanda FC, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/2015 na kudumu humo hadi msimu wa 2019/2020. Majirani zetu wa Lindi wanayo Namungo FC ya Ruangwa, iliyoanza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2019/2020 na katika msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule, UMISSETA ya sekondari na UMITASHUMTA ya msingi, yamewahi kufanyika hapa Mtwara, na ya mwaka 2021 bado yanakumbukwa na walimu wengi. Chini ya ngazi hizo zipo ligi za wilaya, mabonanza ya shule na mechi za ndondo, yaani mashindano ya mitaani, zisizohesabika, hasa fedha za korosho zinapoanza kuingia mikononi mwa watu. Kinachopungua ni watu wa kuzichezesha. Mara nyingi mechi ya kata hukabidhiwa mchezaji wa zamani anayeheshimika mtaani, akapuliza filimbi kwa kukumbuka sheria za enzi zake, na ugomvi unaozuka hutokana na sheria zilizokwisha kubadilika zaidi kuliko upendeleo ambao mashabiki humshutumu nao.

Darasani, mafunzo yanahusu Sheria 17 za mpira wa miguu, lakini mkufunzi hakuzisoma kwa mpangilio wa kitabu. Alianza na Sheria ya 12, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu, kwa hoja kwamba hapo ndipo mchezo unapomponyoka mwamuzi mgeni. Aliwafundisha vijana kupima rafu kwa ngazi tatu. Mchezaji aliyemvaa mwenzake kwa kukosa uangalifu huadhibiwa kwa mpira wa adhabu peke yake. Aliyecheza bila kujali hatari anayomletea mpinzani huongezewa kadi ya njano. Na aliyetumia nguvu kupita kiasi, akahatarisha usalama wa mwenzake, hutolewa kwa kadi nyekundu. Mgawanyo huu ni mwepesi ukiusoma na ni mgumu mno ukiwa uwanjani na sekunde moja ya kuamua, ndiyo maana kila ngazi ilionyeshwa kwa vipande vya video, kisha vijana wakatoka nje kuiigiza wenyewe, mmoja akimwendea mwenzake kwa mguu wa chini, mwingine kwa mguu ulioinuka, na waliobaki wakitakiwa kuamua papo hapo na kutaja sababu. Aliyesema ni kadi nyekundu bila kueleza sababu hakupewa alama, hata kama jibu lake lilikuwa sahihi. Nimeshuhudia mafunzo mengi ya michezo ambayo mshiriki hukariri na kufaulu. Haya si ya namna hiyo, na ninawapongeza kwa ukali huo.

Sheria ya 11, yaani kuotea, ilipewa muda wa kutosha pia, nayo inauhitaji, kwa sababu ndiyo inayovunja mechi nyingi za mchangani. Vijana walifundishwa kwamba kuwa katika nafasi ya kuotea, yaani kuwa karibu na goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, si kosa lenyewe mpaka mchezaji ajihusishe na mchezo, kwamba hakuna kuotea ukiwa nusu yako ya uwanja, wala pale unapopokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki, kona au mpira wa kurusha. Hili la mwisho hubishaniwa mpaka leo katika viwanja vyetu, na nimeona makocha wenye uzoefu wakilikataa kwa kiapo. Kwa wasaidizi, wale tunaowaita washika vibendera, mkazo uliwekwa kwenye kusubiri: msaidizi asubiri aone ni nani anayeugusa mpira kabla ya kuinua bendera, na asiogope zomeazomea inayotokana na ile sekunde ya kusubiri.

Jambo jingine linaloipa programu hii thamani ni kwamba inafundisha sheria za leo. Bodi ya IFAB, ambayo imekuwa ikizitunza sheria hizi tangu mwaka 1886, huzirekebisha karibu kila mwaka, na mabadiliko hayo huchelewa sana kufika mikoani. Mfano mzuri ni wa kipa anayeushikilia mpira. Kwa miaka mingi sheria ilimpa sekunde 6 na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ambao waamuzi wengi hawakuutoa. Kuanzia msimu wa 2025/2026 kipa anapewa sekunde 8, na akizidisha, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anatakiwa kuinua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho ili kila mtu aone. Mkufunzi aliwasimamisha vijana mmoja mmoja wakaizoea ishara hiyo, kisha akawapa ushauri ambao haumo katika kitabu chochote lakini unafaa sana huku kwetu: kabla ya mechi, wakati wa kurusha sarafu, mwamuzi awakumbushe manahodha sheria hiyo, kwa kuwa kona ya namna hiyo ikitolewa ghafla katika uwanja ambao hakuna aliyewahi kuiona, itaonekana imebuniwa.

Kuhusu vitini nina lawama. IFAB hutoa sheria kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule zetu nyingi hawezi kuachiwa kile kitabu cha Kiingereza akakielewa peke yake. Waandaaji waliliona hilo, wakatayarisha kijitabu cha Kiswahili chenye lugha safi na mifano ya kueleweka, nami nimekitumia hata kuwafundishia wachezaji wangu. Tatizo ni kwamba kijitabu hicho kinaishia Sheria ya 12. Zinazofuata, ikiwemo ya 14 inayohusu penalti, washiriki waliandika kwa kusikiliza, na nilipozipitia daftari zao niliona kila mmoja ameandika lake kuhusu kipa anapaswa kusimama wapi wakati penalti inapopigwa. Sheria inataka angalau sehemu ya mguu wake mmoja iwe inagusa mstari wa goli, au iwe juu ya mstari huo au nyuma yake, wakati mpira unapopigwa. Daftari moja lilisema miguu yote miwili, na jingine likaruhusu kipa kuruka mbele. Kazi ya kumalizia kijitabu hicho si kubwa, na kuiacha nusu ni kuwaonea vijana.

Mazoezi ya mwili yamepangwa kwa busara. Mkufunzi aliwaeleza washiriki mapema kipimo kinachowasubiri wale watakaotaka kufika mbali: kwa mwamuzi wa kati wa kiume wa kimataifa, FIFA hutaka mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, zikipishana kwa mapumziko ya sekunde 60, na baada yake mizunguko 40 ya kukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25, ambayo jumla yake ni mita 4,000. Hakuna aliyelazimishwa kuufikia mwendo huo katika wiki za kwanza. Walianza na nusu ya mizunguko, jioni jua likiwa limepungua makali, na kila mmoja aliandikiwa mwendo wake ili ajishindanishe na nafsi yake. Ningependa tu waandaaji wakumbuke kwamba viwanja vyetu vingi vina mchanga, na muda unaopatikana kwenye mchanga hauwezi kulinganishwa na ule wa kwenye nyasi. Kijana mmoja mwenye kasi nzuri alikata tamaa bila sababu kwa kutoelezwa hilo. Walifanya vema, hata hivyo, kufundisha kuhusu joto. Sheria ya 7 inamruhusu mwamuzi kutoa mapumziko mafupi ya kunywa maji yasiyozidi dakika 1, au ya kupoza mwili ya kati ya sekunde 90 na dakika 3, ikiwa kanuni za mashindano zinaruhusu, na katika ukanda huu wa pwani, mwezi wa Novemba saa tisa alasiri, mwamuzi asiyelijua hilo anaweza kuhatarisha watoto.

Yote hayo, hata hivyo, mtu angeweza kuyapata katika kozi nyingine ya waamuzi yenye mkufunzi makini. Kinachoitofautisha programu hii ni kinachotokea baada ya darasa. Kila mshiriki aliyefaulu mtihani wa awali hupangiwa mlezi, ambaye ni mwamuzi mstaafu au mwamuzi wa daraja la juu, na mlezi huyo huhudhuria mechi zake za mwanzo. Mechi zenyewe huchaguliwa kwa uangalifu: huanza na za watoto wa chini ya miaka 15, kisha za shule za sekondari, na ndipo kijana apewe ligi ya kata, tena akianza kama msaidizi kabla ya kushika filimbi katikati. Mlezi hukaa upande wa pili wa uwanja, mbali na mabenchi, na daftari mkononi. Hapazi sauti, haonyeshi ishara, wala hasogei hata kama kijana amekosea waziwazi. Wakati wa mapumziko humwambia jambo moja tu analoweza kulirekebisha katika kipindi cha pili, na mengine yote huyaweka mpaka mechi iishe na watu watawanyike.

Niliuona ubora wa utaratibu huo katika mechi ya wavulana iliyochezwa kwenye uwanja wa shule yetu. Mwamuzi wa kati alikuwa binti aliyepitia kwetu, na timu mwenyeji ilikuwa inaongoza kwa bao moja. Beki wa wenyeji akamvuta jezi mshambuliaji ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na yule binti akapuliza filimbi na kuonyesha penalti. Kocha wa wenyeji alitoka kwenye eneo lake mpaka mstari wa pembeni, akirusha mikono na kupaza sauti kwamba binti ameona ndoto. Nilimtazama mlezi, nikadhani ataingilia; alibaki ameketi. Binti alisogea pembeni, akamwita nahodha, akasubiri kelele zipungue kidogo, kisha akamwendea kocha na kumwonyesha kadi ya njano, jambo ambalo sheria imeliruhusu kwa viongozi wa benchi tangu mwaka 2019. Penalti ikapigwa, mechi ikaendelea hadi mwisho.

Baadaye walikaa chini ya mwembe, nami niliruhusiwa kusikiliza. Mlezi hakuanza na kadi wala na kocha.

"Mwanangu, ulikuwa umesimama wapi ulipoiona ile rafu?" aliuliza.

"Nilikuwa karibu na duara la kati, mwalimu," binti alijibu.

"Umeiona vizuri, na penalti ilikuwa halali kabisa. Lakini kocha wao alikuwa karibu na tukio kuliko wewe, ndiyo maana alithubutu kubishana nawe."

Akafungua daftari na kumchorea mstari wa mshazari ambao mwamuzi wa kati hukimbia kutoka pembe moja kuelekea nyingine, utaratibu ulioenezwa na Mwingereza Stanley Rous, aliyekuja kuwa rais wa FIFA kuanzia mwaka 1961 hadi 1974. Alimwonyesha kwamba mpira ulipopelekwa winga ya kulia yeye alipaswa kuwa tayari anaelekea kwenye mstari wa kumi na nane, ili tukio likiwa katikati, lionwe na yeye kutoka upande mmoja na msaidizi kutoka upande wa pili. Kisha akampa kazi moja ya mechi inayofuata, kuufuata mpira unapokwenda pembeni badala ya kuusubiri urudi, na juu ya kadi akasema tu kwamba ilikuwa sahihi na asiionee haya. Katika mechi zilizofuata nilimwona yule binti akikimbia tofauti, na kelele dhidi yake zikapungua bila yeye kubadilisha chochote katika ukali wake. Sijui kozi ya darasani ambayo ingemfundisha hilo. Mwamuzi mpya akiachwa peke yake, angeondoka uwanjani siku ile akiamini kwamba tatizo lake ni kocha mkorofi, na pengine asingerudi tena.

Kwa upande wa wasichana, programu imefanya kazi ambayo haionekani katika vitini. Darasani walitajiwa watu wanaoweza kuwatazama kama mfano: Jonesia Rukyaa wa Kagera, aliyechezesha mechi ya watani Simba na Yanga katika Ligi Kuu mwaka 2016, na jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha kama mwamuzi wa kati Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, nchini Cameroon, Januari 2022, na mwaka huohuo akateuliwa miongoni mwa waamuzi watatu wa kati wanawake wa Kombe la Dunia nchini Qatar. Lakini kilichowabakisha mabinti si majina hayo peke yake. Waandaaji waliwatembelea wazazi, wakawaeleza ratiba na nani atakuwa na binti yao kutoka uwanjani hadi nyumbani, na wakahakikisha kila uwanja unaotumika una chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa, hata ikibidi kuazima ofisi ya mwalimu. Wazazi niliowafahamu wa Mikindani na Naliendele, waliokuwa wamekataa katakata, walilegeza msimamo baada ya mazungumzo hayo.

Somo la maadili nalo lilinigusa, kwa sababu lilikwenda moja kwa moja kwenye mtihani halisi wa mwamuzi wa vijijini. Kusema usipokee rushwa ni rahisi. Mwamuzi anayetoka mjini kwenda kuchezesha Nanyamba au Tandahimba hufika saa nne asubuhi kwa mechi ya saa kumi, na watu wa kumkaribisha ni wenyeji, na wenyeji hao ndio timu. Kwa mila zetu mgeni hawezi kukataa chakula bila kuonekana ana kiburi. Ushauri waliopewa ni kwamba mwamuzi apokelewe na waandaaji wa mashindano na wala si na timu, na kama hilo haliwezekani, ale pamoja na wasaidizi wake mahali pa wazi, timu zote mbili zikijua, na asipokee nauli kutoka kwa mtu yeyote asiyekuwa mwandaaji. Nauona ushauri huu kuwa wa kweli na wa heshima kwa pande zote. Unamwezesha kijana kuwa mwadilifu bila kuwavunjia heshima wazee waliomkaribisha.

Sasa nifike pale ambapo programu inapungukiwa, na napo ni pazito.

Kwanza ni usalama. Vijana wamefundishwa vizuri kuandika taarifa ya mwamuzi: muda wa tukio, namba ya jezi, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, bila kuongeza hasira zao. Lakini taarifa ina maana ikiwa yupo anayeisoma na kuchukua hatua. Katika mashindano mamoja ya mtaani mwamuzi chipukizi alisukumwa na mashabiki baada ya kipenga cha mwisho. Aliandika taarifa siku ileile kwa ufasaha, na wiki zikapita bila waandaaji wa mashindano kumjibu, huku timu ile ikiendelea kucheza. Mlezi wake alimpigia simu mara kadhaa kumtia moyo, nami namshukuru. Lakini kumtia moyo hakutoshi. Programu inapaswa kuwa na sharti la maandishi kwa kila mashindano yanayoomba waamuzi wake: kamba ya kuzuia watazamaji, watu wa ulinzi wanaojulikana kwa majina, njia ya waamuzi kuondokea, na muda wa mwisho wa kushughulikia taarifa. Mashindano yasiyotimiza hayo yasipewe waamuzi. Yakikosa waamuzi mara mbili yatanunua kamba.

Pili ni posho. Kwa mechi za shule kijana anaweza kuchezesha kwa nauli na maji, na hakuna anayelalamika. Katika ndondo, hata hivyo, kuna viingilio na zawadi za fedha, na ni aibu kuona mshindi akikabidhiwa zawadi yake mbele ya watu huku mwamuzi akiambiwa arudi kesho. Waliofundisha walisema posho ni makubaliano kati ya mwamuzi na mashindano. Sikubaliani nao. Kijana wa miaka kumi na tisa hana ubavu wa kumdai mdhamini wa kombe. Programu iliyomlea ndiyo yenye uwezo wa kumsemea, kwa kutaka posho ilipwe kabla ya mpira kuanza, tena kwa simu ili pawe na kumbukumbu. Nimeshaanza kufanya hivyo katika mashindano ya kata yetu, na hayajafa.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni kwamba malezi niliyoyasifu hapo juu yanaishia mjini. Darasa hufanyika Mtwara mjini, walezi wanaishi mjini, na mechi wanazozihudhuria ni za mjini. Kijana kutoka Masasi husafiri karibu kilomita 200 kuja kusoma, na wa Nanyumbu husafiri zaidi ya hapo. Hujigharamia nauli na mahali pa kulala, akimaliza anarudi kwao na cheti, na kuanzia hapo yuko peke yake kama ambaye hakuwahi kupitia programu. Nimezungumza na vijana wawili wa aina hiyo. Wote wanazijua sheria vizuri, na mmoja ameacha kuchezesha. Hakuacha kwa kushindwa, aliacha kwa sababu hakuwa na mtu wa kumuuliza kama alichokiamua kilikuwa sahihi. Kama thamani ya programu ni mlezi anayekaa pembeni mwa uwanja, basi mshiriki wa Masasi, Newala au Nanyumbu hapewi ile thamani, anapewa darasa tu.

Ratiba imeliongezea uzito tatizo hilo. Awamu ya vitendo iliangukia kati ya Oktoba na Desemba, katikati ya msimu wa korosho, wakati ambao kijana wa Tandahimba yuko shambani akiokota na kuanika korosho pamoja na familia yake, au yuko kwenye chama cha msingi cha ushirika akisubiri mnada. Huwezi kumlaumu kwa kukosa mazoezi. Hiyo ndiyo fedha ya mwaka mzima ya nyumba yao. Kuanzia Desemba mvua nazo huanza, na viwanja vingi havichezeki. Miezi inayofaa ni Juni hadi Agosti: ni kiangazi, upepo wa kusi hupunguza joto, mashamba ya mikorosho hayajahitaji mikono mingi, na ndicho kipindi ambacho michezo ya shule huwa na mechi nyingi za kujifunzia. Mechi za ndondo za msimu wa korosho zingewakuta vijana wakiwa tayari wameiva.

Ipo pia haja ya kuwaeleza washiriki mapema kwamba cheti cha programu si daraja la uamuzi. Wengine waliondoka wakiamini kwamba wamekuwa waamuzi wa daraja la tatu, kumbe madaraja hutolewa kwa mitihani inayosimamiwa na vyombo vya waamuzi chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), na kijana anatakiwa kujiandikisha katika chama cha waamuzi cha wilaya yake ili aanze safari hiyo. Hili ni la kusema siku ya kwanza, kwa sauti, na kulirudia siku ya mwisho.

Pamoja na upungufu huo, nitaendelea kuwapeleka vijana wangu. Kwa anayefikiria kujiunga, ada ni ndogo na haipaswi kumzuia mtu, lakini vifaa atajinunulia mwenyewe: filimbi mbili, kwa kuwa moja inaweza kujaa mchanga au jasho katikati ya mechi, saa mbili za mkononi, kadi zake, daftari dogo, kalamu mbili na viatu vyeusi vilivyokwisha kuzoewa na mguu. Aje akiwa ameanza kukimbia angalau wiki chache kabla. Anayeishi nje ya mji aulize mapema, kabla ya kulipa, ni mlezi gani atakayekuwa karibu naye baada ya mafunzo, na asiridhike na jibu la kwamba atapigiwa simu. Na kwa waandaaji, ombi langu ni kituo cha pili, Masasi au Newala, chenye walezi wake wanaoishi hukohuko, kianze Juni ijayo. Waamuzi wastaafu wa kuifanya kazi hiyo wapo, nawafahamu, na baadhi yao wameniambia wako tayari kujitolea wakilipiwa nauli ya pikipiki kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.